Picha Ambayo Steringi Alikufa

Katika mji wa Kibondo wa miaka ile, mwanamume asiyeingia banda la video Jumamosi mchana alihesabiwa pamoja na wagonjwa na walokole. Mimi sikuwa mgonjwa, na kuhusu wokovu wangu hata mchungaji alikuwa na mashaka. Nilipenda tu kukaa nyumbani. Nilipenda kivuli cha ukuta wetu, kigoda changu, na ungo wa maharage ya kuchambua. Picha hazikunishika. Nilipoingizwa bandani mara ya kwanza nikiwa kidato cha pili, nilisinzia watu wakiwa bado wanapigana, nikaamka watu wengine wanapigana, nikaona sijapitwa na kitu.

Mabanda ya video yalikuwa mawili. La juu lilikuwa karibu na stendi, la chini njia ya kwenda sokoni. Yote yalijengwa kwa mabanzi na kuzibwa kwa maturubai yaliyotoka kambi ya wakimbizi ilipofungwa, na yote yalikuwa na jenereta nje, maana umeme wa kwetu ulikuwa na tabia zake. CD mpya zilifika Ijumaa na basi la Kasulu. Watu wa Kasulu walikuwa wanaona picha wiki nzima kabla yetu, na jambo hilo liliwauma watu wa Kibondo kuliko mambo mengi ya maana. Basi likichelewa, watu wazima wenye wake na mashamba walisimama stendi wanatazama vumbi la barabara utadhani wanasubiri mgonjwa wao kutoka Mwanza.

Jumamosi saa nane picha inaanza. Jumatatu asubuhi mji mzima una maneno mawili tu: picha imeishaje, na banda lipi limejaza. Kujaza kulipimwa kwa baiskeli. Watu wa Busunzu na vijiji vingine walikuja na baiskeli, wakaziegemeza nje ya banda, na wapita njia wakazihesabu. "La juu thelathini na sita, la chini kumi na tisa." Nimewahi kumsikia mzee mmoja akitoa hesabu hiyo msibani, kabla hajauliza aliyekufa ni nani.

Dada yangu ndiye aliyekuwa mwenyewe katika mambo hayo. Alinizidi miaka tisa. Alikuwa ameolewa Kakonko, akarudi siku moja na cherehani yake kwenye keria ya baiskeli ya kukodi, na begi moja. Hakueleza kilichotokea na mimi sikuuliza. Kutouliza nilikuona ni heshima. Siku hizi nakuona ni uvivu wa aina nyingine.

Alishonea barazani kwetu. Jumamosi ikifika saa saba na nusu alifunika cherehani kwa kanga, akatia mkasi mfukoni mwa aproni, akaondoka. Alikuwa mwanamke pekee bandani, na benchi la pili kutoka mbele, upande wa nguzo, lilikuwa lake. Wanaume walikuwa wakimwachia, wengine kwa adabu, wengine kwa sababu ya mkasi.

"Haya mwali wetu," ananiambia akipita, "baki ulinde kuku."

"Nenda dada. Wasipopigana uniambie."

"Na wewe siku ukitoka nyumbani uniambie, nikuandalie sherehe."

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku yake hasa. Wateja walikuja kuchukua nguo zao, na kila mteja lazima abishane naye kwanza juu ya picha. Kwa nini yule askari alimwachia jambazi? Yule mke alijua au hakujua? Mtu alikuwa anakuja kuchukua suruali saa tatu, anaondoka saa tano, na suruali ameisahau. Mwalimu mmoja wa sekondari, mtu wa Tanga aliyepangiwa kazi huku kwetu na kulalamikia baridi mpaka Januari, alikuwa mpinzani wake mkubwa. Nadhani alikuwa akichana suruali makusudi.

Mimi nilikuwa pembeni na ungo wangu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo nyumbani tuliyataja kwa sauti ya chini, nikabaki kuwa mkulima wa maharage na mwandishi wa barua za ukoo. Barua ya kuomba posa, barua ya kwenda kwa mtendaji, wasifu wa marehemu wa kusoma makaburini, vyote vilikuja kwangu. Ndiyo faida pekee ya shule niliyowarudishia.

Mwaka 2014, baada ya kuvuna maharage, dada alianza kujipunguzia magauni yake mwenyewe. Nilimwona akifumua mishono ya pembeni na kuiingiza ndani, vidole viwili, halafu vitatu. Mama na shangazi walianza kunong'ona jikoni, na nilipoingia walinyamaza. Hatimaye mama aliniambia ni ugonjwa wa kina mama. Nikashukuru, kwa sababu niliona kwamba maswali yangu yanaruhusiwa kuishia hapo.

Walimpeleka Mwanza. Akarudi na bahasha kubwa na vidonge vya maumivu. Daktari wa Mwanza alikuwa amesema kilichobaki ni kumsaidia asiumie. Hilo sikuambiwa, nilisoma mwenyewe kwenye bahasha, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, nikairudisha bahasha mahali pake nikaenda kuchambua maharage.

Cherehani aliendelea nayo kidogo kidogo. Ila benchi la banda lilimshinda. Alijaribu Jumamosi moja, akarudi kabla picha haijafika katikati, anatembea ameshika ukuta wa kila nyumba aliyoipita. Jumamosi iliyofuata alikuwa amelala mkekani barazani, saa saba na nusu ikafika.

"Wewe mwali," akaniita. "Nenda ukanionee."

"Mimi?"

"Kuna mwingine? Nenda ukae, uangalie mwanzo mpaka mwisho, uje unisimulie. Na uhesabu baiskeli."

"Dada, mimi nitasinzia."

"Utasinziaje na jenereta lile? Sikiliza. Jumatatu watu watakuja hapa kuchukua nguo. Watanikuta nimelala. Nikiwa na la kubishana, nitakuwa mimi. Nisipokuwa nalo watanipa pole, wataondoka. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Naomba msomaji anielewe hapo: nilimwelewa vizuri sana.

Nikavaa shati, nikatoka na njia. Nikapita kona ya kwanza. Pale kulikuwa na ubao wa matangazo wa banda la juu, wenye kava ya CD ya siku hiyo. Nikaisoma kava. Kisha nikazunguka nyuma ya choo cha jirani nikaingia kwenye mgomba wetu wenyewe, kishamba cha ndizi hatua kama arobaini kutoka barazani, nikakaa chini kwenye majani makavu. Nilikaa saa mbili na zaidi. Nilikuwa mtu ambaye hata kutoroka alitorokea nyumbani. Kutoka pale nilimsikia dada akikohoa, na mama akimuuliza kama anataka uji.

Saa kumi nikarudi, nimejipangusa majani. Nikamsimulia picha niliyoitunga kutokana na kava: wanaume wawili, gari jeusi, msichana anayelia.

"Baiskeli ngapi?"

"Ishirini na nane."

"La chini je?"

"Kumi na nne."

Akafumba macho, ameridhika. Jumatatu alibishana vizuri. Mabishano ya picha yana nafasi kubwa ya uongo. Kila mtu anakumbuka lake, mtafsiri anayeigeuza picha kwa Kiswahili anatia na vichekesho vyake katikati, na dada alikuwa na ujuzi wa kuziba matundu yangu bila kujua kwamba anaziba. Wiki tano tukaenda hivyo. Nikaanza hata kujisifu moyoni. Nikajiona fundi.

Jumamosi ya sita kava ilikuwa na mwanamume mwenye mkono uliofungwa bendeji, daraja, na mwanamke mwenye kamba mikononi. Nikakaa mgombani, nikapanga yangu. Lakini siku hiyo mama alipika mapema. Ugali wa muhogo, samaki wa migebuka, harufu inakuja mpaka nilipo. Nilipokaa mkekani kusimulia, mama alikuwa ameshaita mara mbili. Steringi, shujaa wa picha, yuko darajani, amezungukwa pande zote, nami sina mpango wa kumtoa. Kumtoa kungechukua muda.

"Wakampiga risasi," nikasema. "Akafa."

Dada alikuwa amelala ubavu. Akainuka kwa kiwiko.

"Nani akafa?"

"Steringi."

Mtu yeyote aliyewahi kukaa bandani hata mara tatu anajua kwamba steringi hafi. Atapigwa, atatupwa mtoni, atachomwa ndani ya nyumba, na atatokea mwishoni na kovu dogo shavuni. Hata watoto wanaochungulia kwenye matundu ya mabanzi wanajua. Mimi sikujua. Na kama niliwahi kusikia, sikujali kiasi cha kukumbuka.

"Kafa kabisa?" akauliza.

"Kabisa."

"Hakuamka?"

"Walimzika."

"Nani alimzika?"

Mama akaita mara ya tatu. "Mama yake," nikasema.

Dada akarudi kulala chali, akatazama mabati. Nilidhani amekasirika, nikaanza kunyanyuka.

"Kaa," akasema. "Miaka yote hii naangalia picha, sijawahi kuona waliothubutu kumwacha afe." Akageuza uso kwangu. "Walimwonyesha akiogopa?"

Ningeweza kusema lolote. "Kidogo," nikasema. "Halafu akatulia."

"Vizuri," akasema dada. "Hiyo ni picha. Hao wanaume wa bandani walisemaje?"

"Walinyamaza."

"Lazima wanyamaze. Nenda kale."

Nilikula vizuri.

Jumatatu saa tatu mwalimu alikuja na suruali yake. Muuguzi mpangaji wa nyumba ya jirani, mama wa Kinyakyusa aliyependa kutusaidia na mambo ya vidonge, alikuwa amekaa kwenye ngazi. Mama alikuwa anafagia. Mimi nilikuwa na ungo.

Dada hakumngoja mwalimu hata asalimie. "Mwalimu, leo nimekushika. Nimekuwa nikisema wanaogopa kumwua steringi, wewe unasema biashara haitawaruhusu. Sasa?"

"Sasa nini, bibie?"

"Pale darajani."

Mwalimu akacheka. "Pale darajani aliruka akaingia kwenye lori la mchanga. Banda zima lilisimama. Mzee mmoja alivunja benchi."

"Lori la wapi? Steringi si alikufa?"

"Afe?" Mwalimu akatazama huku na huku akitafuta wa kucheka naye. "Steringi afe! Dada yangu, hiyo umeiona bandani au umeiota? Mwishoni ameoa yule binti, kuna harusi, kuna ngoma, watu wanakula pilau."

"Mwalimu, usinifanye mtoto. Alipigwa risasi darajani, akaogopa kidogo, halafu akatulia. Mama yake akamzika."

Kicheko kikaisha. Alivyosema vile, kwa utulivu ule, na mashavu yake yalivyokuwa yameingia ndani, kila mtu pale barazani alisikia kitu ambacho hakikuwa picha. Mwalimu akaangalia viatu vyake. Muuguzi akamgeukia mama na kusema kwa sauti ya upole, lakini si ndogo ya kutosha, "Dawa hizi za maumivu mama, na ugonjwa wenyewe ukipanda, kichwa kinaweza kuchanganya. Msimbishie tu."

"Nani anachanganya?" dada akasema. Akanigeukia. "Si ulikuwepo wewe? Waambie."

Wote wakaniangalia. Nilikuwa na harage moja bovu mkononi, nakumbuka, lenye tundu la mdudu. Ningesema maneno matatu tu: sikwenda, nilimdanganya dada. Wangenicheka mwezi mzima, basi. Wamenicheka kwa makubwa zaidi. Lakini mwalimu alikuwa amenifundisha, na aliwahi kuniita mbele ya darasa kijana ambaye hata uongo wake hana bidii nao, na nikaona aibu.

"Mimi nilikuwa nyuma," nikasema. "Sikuona vizuri."

Dada alinitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama jinsi anavyotazama kitambaa alichopewa kama pamba, akakishika, akagundua si pamba. Kisha akajilaza, akavuta kanga mpaka kidevuni.

"Mpeni mwalimu suruali yake," akasema.

Kuanzia siku ile watu walianza kumsemesha dada polepole na kwa sauti kubwa. "UNAENDELEAJE DADA?" Kansa ilikuwa tumboni, wao wanapigia kelele masikio. Wateja walikuja kuchukua vitambaa ambavyo havijashonwa, wakimwambia mama, si yeye, kwamba hawataki kumsumbua mgonjwa. Jumatatu ikawa siku kama siku nyingine. Alipokataa uji walisema ni kichwa. Alipoutaka walisema afadhali leo kichwa kimetulia. Baba mdogo alikuja kujadili safari ya hospitali ya misheni Kasulu, na wakaijadili juu ya mwili wake, yeye katikati, macho wazi, kama watu wanaopatana bei ya kitanda.

Na mama alichukua mkasi. Nilimwona akiutoa kwenye mfuko wa aproni na kuuweka juu ya kabati, nyuma ya redio mbovu. "Mtu akiwa hivyo," aliniambia, "huwezi kujua." Mimi nilijua. Nikamshikia kiti asianguke.

Kasulu nilipelekwa mimi kumuuguza, kwa kuwa sikuwa na kazi ya kuombea ruhusa. Shangazi mwingine aliyekuwa akiishi kule alileta chakula asubuhi na jioni, anaingia wodini na salamu yake ya Kiha, "mwakeye", mpaka vitanda vyote viitike, na mimi nililala kwenye mkeka chini ya kitanda cha dada. Alikuwa ananisemesha mambo ya lazima tu. Maji. Geuza mto. Dirisha.

Jumamosi ya pili niliaga kwamba nakwenda kununua sabuni, na nikaenda bandani. Safari hii nilikwenda kweli. Banda la Kasulu lilikuwa na skrini kubwa na feni. Nilikaa mbele, sikusinzia, niliangalia mwanzo mpaka mwisho, na kusema kweli ilikuwa upuuzi mtupu. Steringi hakufa. Nje nilihesabu baiskeli mara mbili, na pikipiki pia. Nikarudi karibu kwa kukimbia.

"Dada, nimetoka bandani. Nimeiona yote. Nikusimulie?"

Alikuwa anatazama dripu. "Ya Kasulu hiyo," akasema. "Mimi nabishana na watu wa Kibondo."

"Dada, ile ya darajani sikwenda. Zote sikwenda. Nilikuwa nakaa mgombani."

"Mgomba upi?"

"Wetu."

Kitu kama kicheko kilimpitia, kikamwumiza, akashika ubavu. "Wewe mwali kweli," akasema. Alipopata pumzi akaendelea, bila kunitazama. "Najua hukwenda. Nilijua pale uliposema ulikuwa nyuma. Hakuna nyuma pale, banda lina mabenchi sita. Ila usiniambie mimi. Mimi najua sijachanganyikiwa. Waambie wao."

"Nitawaambia."

"Lini?"

"Tukirudi."

"Mwambie mwalimu. Mwambie yule muuguzi. Na mama anirudishie mkasi wangu, kuna gauni la mtu sijamaliza mikono."

Nikaahidi. Niliahidi kwa moyo wote, na siku hiyo ningeweza kuwaambia watu wote wa Kasulu, ambao haikuwahusu.

Tulirudi Kibondo mwanzoni mwa 2015, na ahadi nikaiweka mahali ninapoweka vitu. Mwalimu alikuwa likizo. Aliporudi alikuwa anasahihisha mitihani. Muuguzi alikuwa zamu. Mama alikuwa amechoka, nikaona nisimwongezee. Wakati mwingine nilitoka na njia kabisa mpaka karibu na nyumba za walimu, na miguu yangu, ambayo haikuwahi kupenda kwenda popote, ikageuka yenyewe. Dada hakunikumbusha. Aliomba mkasi mara moja mbele yangu. Mama akamjibu, "Kesho, mwanangu," kwa sauti ile ya kuwajibu watoto, na dada akanitazama mpaka nikatoka nje.

Mwezi wa tano magari ya wakimbizi kutoka Burundi yalianza kupita tena, na mji ukapata la kuzungumza lisilokuwa picha. Dada alikufa Ijumaa mchana mwezi ule, saa ya basi la Kasulu. Nilisikia honi ya basi stendi na mama akiniita ndani, vyote kwa pamoja.

Usiku huo hakuna aliyeuliza nani aandike wasifu; kazi ilikuwa yangu. Asubuhi baba mdogo alikaa karibu nami na kunitajia: alizaliwa, alisoma, aliolewa, alirudi, alikuwa fundi. "Halafu andika," akasema, "mwishoni maradhi yalimpanda kichwani, akawa haelewi, lakini aliendelea kumwamini Mungu." Ndivyo walivyotaka akumbukwe, na hawakukusudia ubaya. Kwao ilikuwa namna ya kumwombea radhi.

Nikaandika la kwangu chini ya la kwake.

Tulimzika Jumamosi saa nane. Banda la juu lilifungwa kwa heshima yake. La chini halikufungwa. Nilisimama kando ya kaburi na karatasi yangu ya daftari, nikasoma kuzaliwa na shule na ndoa, na nilipofika mwisho nikasoma hivi: "Dada yetu alikuwa na akili zake timamu mpaka siku ya mwisho. Yale aliyoyasema kuhusu picha, kwamba steringi alikufa darajani, niliyasema mimi. Alinituma nikamwonee picha, mimi sikwenda. Nilimdanganya, na mlipomcheka nilinyamaza."

Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo puani, akajikohoza. Mchungaji alisogea akanichukulia ile karatasi mkononi, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akasema tuimbe.

Baada ya mazishi mwalimu alinifuata. Alikuwa amevaa suruali aliyoshonewa na dada. Akanishika bega kwa mikono miwili.

"Pole sana kijana wangu."

"Mwalimu, ni kweli. Sikwenda."

"Ndiyo, ndiyo."

"Nilikuwa mgombani."

"Mgombani," akasema, polepole na kwa sauti kubwa. "Sawa. Msiba unachanganya. Mimi nilipofiwa na mama yangu nilisema maneno ambayo mpaka leo nachekwa. Nenda ukapumzike, unywe maji."

Muuguzi naye alikuja akanigusa paji la uso kuangalia kama nina homa. Baba mdogo aliwaambia wageni kwamba nilikuwa nimempenda sana dada yangu, ndiyo maana. Jioni hiyo nilikuwa napewa chai na watu waliokuwa wanatabasamu sana. Mpaka leo hapa mjini utasikia wakisema kwamba yule fundi mwishoni alichanganyikiwa, na mdogo wake naye kidogo.

Nilitoka nikahesabu baiskeli zilizoegemezwa kwenye ua wetu. Zilikuwa thelathini na moja. Kisha nikashuka mpaka banda la chini nikahesabu za pale. Arobaini na nne. Nikasimama pale muda, jenereta linanguruma, nikawaza ningemwambiaje dada, na mdomo ukaanza wenyewe kuzipunguza zile arobaini na nne. Nikarudi.

Mama alikuwa amekaa barazani pale pale palipokuwa na mkeka wa dada, peke yake kwa mara ya kwanza tangu jana. Makaburini alikuwa amesikia kama wengine. Nilikaa chini karibu naye. Mkasi ulikuwa mapajani mwake. Alikuwa ameushusha mwenyewe kutoka kabatini, na alikuwa anaufungua na kuufunga, anaufungua na kuufunga, umeshaanza kushika kutu kwenye msumari.

"Kwa hiyo ulikuwa mgombani kweli," akasema kwa Kiha, na halikuwa swali.

"Ndiyo, mama."

Akaufunga mkasi.

"Kwa hiyo alikuwa ananiomba kwa akili zake."